Mkeka wa Mechi Tano na Paa la Manyatta

Mvua ya Kisumu hupenda kuja usiku, na paa letu hapa Manyatta lina matundu matatu tunayoyajua kwa vyombo vyake: la karai, la sufuria, na lile dogo la kikombe. Tulikuwa tumeweka Sh8,000 za mabati, nyingi zikiwa faida yangu ya omena sokoni Kibuye. Zilikaa kwenye M-Pesa ya mume wangu. Fundi alitaka Sh28,000.

Aliyeleta hesabu ya kuzifikisha huko ni mdogo wa mume wangu, ambaye tunaitana yuora, yaani shemeji. Anaendesha boda stendi ya Kondele, kijana mpole anayenibebea magunia alfajiri bila kuombwa. Jumamosi ile nilirudi sokoni nikawakuta wawili hao mbele ya televisheni, kimya kama watu walio matangani.

"Nyar Seme," mume wangu akaniita kwa jina la kwetu, "kaa kwanza."

Walikuwa wametia zote elfu nane kwenye mkeka wa kubeti wa mechi tano. Nne zilikwisha kuingia. Ya tano ilikuwa dakika za nyongeza, timu ya nyumbani ikiwa sare, na sare ilitutosha. Wageni wakafunga. Mkeka ukachanika.

Nililia. Kisha nikanawa uso, nikamimina maharagwe mezani, nikawaambia wanifundishe. Pesa niliyoitafuta kwa jua nisingekubali ipotee kwa jambo nisilolielewa.

Tulichukua mechi tunayoikumbuka sote: Gor Mahia na Everton, Dar es Salaam, Julai 2017. Rooney alifunga, Tuyisenge akasawazisha, na zikiwa zimebaki dakika chache Dowell akaipa Everton la pili. Yuora akapanga maharagwe mawili huku, moja kule. Aliyeandika Everton ashinde alilipwa. Hiyo ndiyo moja-eksi-mbili, ambapo eksi ni sare. Aliyeandika GG, timu zote zifunge, alikuwa ameshashinda tangu Tuyisenge aliposawazisha. Ova 2.5 ilimlipa aliyetaka mabao matatu au zaidi. Ile nusu ipo ili pasiwe na suluhu, maana hakuna nusu bao. Kwenye hendikapu unampa Gor bao moja kabla ya mpira kuanza, na matokeo yanasomeka 2-2. Nilipoyaona kwa maharagwe niliyashika upesi, na nasema kweli, yana utamu wake. Mechi moja ina milango mingi.

"Na yetu ilikuwa mlango gani?"

"Dabo chansi," yuora akajibu. Unashika matokeo mawili kati ya matatu: timu yako ishinde au itoke sare. Aliyeishikilia Gor namna hiyo alikuwa salama mpaka Dowell alipofunga. Mume wangu akainamisha kichwa.

Kwa sababu ya usalama huo inalipa kidogo, odi ya 1.30 hivi, yaani shilingi 100 inarudi 130. Ndipo walipoziunganisha tano. Odi huzidishana: 1.30 mara tano inafika 3.71, na Sh8,000 zingekuwa kama Sh29,700 kabla ya kodi. Bei ya fundi, na chenji juu. Nikaelewa walivyoingia. Hawakuwa wakitafuta anasa. Walitafuta mabati.

Lakini mimi ni mfanyabiashara. Nilitaka kuona upande wa pili wa mizani. Tukahesabu maharagwe 100, kila moja mkeka kama wetu. Tuseme kila mechi huingia mara tatu katika nne. Yuora mwenyewe akaondoa yaliyochanika: mechi ya kwanza yakabaki 75, ya pili 56, ya tatu 42, ya nne 32, ya tano 24. Mikeka 100 ingetugharimu Sh800,000. Ile 24 ingeturudishia kama Sh713,000. Kila mechi waliyoongeza ili kukuza malipo ilikuwa imemega kidogo, na mwenye kampuni alikuwa amejikatia fungu lake mara tano kwenye karatasi moja.

Yuora akataja jakipoti, na Samuel Abisai aliyeshinda Sh221 milioni mwaka 2017. Ni kweli, alishinda. Zilikuwa mechi 17, kila moja na majibu matatu. Ukizidisha unapata njia zaidi ya milioni 129, na inayolipa kikamilifu ni moja. Maharagwe ya Kibuye yote yasingetosha kuonyesha hilo.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "hakuna aliyewahi kunipangia hivi."

Upepo ukaanza. Alitoka akachukua turubai anayofunikia pikipiki, mume wangu akamshikia ngazi, nami nikawamulikia kwa ile simu ya M-Pesa. Waliziba tundu la karai kabla ya matone ya kwanza. La sufuria liliendelea kudondosha mpaka alfajiri.