Sifa za Chaguo-Msingi

Chaguo-msingi ni programu ambayo kompyuta huikabidhi faili kabla mwenye kompyuta hajasema lolote. Faili ya PDF ikibofywa mara mbili kwenye Windows 11 iliyotoka dukani, hufunguka ndani ya Edge, ambayo kazi yake hasa ni kuvinjari intaneti. Huo ni ukarimu usio wa kawaida: haijaitwa, nayo imeshafika na kuketi.

Wasiojua thamani yake hutaka kuibadilisha. Faili hubofywa kwa kitufe cha kulia, huchaguliwa "Fungua kwa", huteuliwa programu nyingine, kisha huamriwa itumike kila mara. Wengi huruka hatua hiyo ya mwisho, na kesho yake Edge hurudi kazini bila kinyongo.

Fadhila yake kuu ni ulinzi. Tangu Windows 8, uamuzi wa mtumiaji huandikwa kwenye rejista chini ya ufunguo uitwao UserChoice na kugongwa muhuri wa herufi, ili programu nyingine zisijipachike kwa mlango wa uani. Muhuri usipolingana, Windows 10 huutupa uamuzi huo na kutangaza kwamba kuna programu iliyoleta matatizo, kwa hiyo mambo yamerudishwa yalivyokuwa. Kurudishwa huku, ajabu, aghalabu humwangukia yule yule aliyekuja na Windows.

Hata kuhama nyumba hakuitikisi. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, kuna waliopandisha toleo wakakuta kivinjari chao cha siku zote kimenyang'anywa kiti. Chris Beard, mkuu wa Mozilla, alimwandikia Satya Nadella wa Microsoft barua ya wazi kulalamika. Windows 11 ya Oktoba 2021 ikaongeza mafunzo ya subira: aliyetaka kubadili kivinjari aligawa urithi kipande kwa kipande, .htm peke yake, .html peke yake, kisha .shtml, kisha HTTP, kisha HTTPS. Pengine ndiyo mara ya kwanza wengi kujua kwamba .shtml ipo duniani. Machi 2022 kikaja kitufe kimoja cha kumaliza kazi hiyo, na elimu ikakoma.

Anayedhani sifa hizi zimetiwa chumvi atazame bei. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji ya chaguo-msingi ndani ya Safari, nafasi ambayo mwenye simu anaweza kuibadilisha kwa dakika moja. Kilichonunuliwa ni uhakika kwamba hataibadilisha.

Ulaya haikuvutiwa. Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji skrini ya kuchagua kivinjari, kisha skrini hiyo ikakosekana kati ya Mei 2011 na Julai 2012. Machi 2013 Tume ya Ulaya ikaitoza faini ya euro milioni 561. Sheria ya Masoko ya Kidijitali nayo imeendeleza ukatili huo. Kwingineko, mtu aliyekwisha kubadili kivinjari akibofya habari kwenye Wijeti za Windows 11, bado Edge humpokea mlangoni. Wa Ulaya hupelekwa moja kwa moja kwenye kivinjari alichokichagua, bila hata salamu.