Karibuni Buju;burq

Kilabu cha kompyuta cha Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, hakina muhuri wala mwenyekiti. Kina sebule ya mama mmoja anayekubali makochi yake yasukumwe ukutani Jumamosi mchana, kina soketi mbili zinazofanya kazi, na kina wanachama wanaokuja kila mtu na mashine yake kwapani. Wengine ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi, maana kampasi ya Mutanga iko jirani. Mmoja hutengeneza kadi za harusi mtaani Buyenzi. Na yupo mzee mstaafu aliyejiunga kwa sababu, kwa maneno yake, amechoka kumlipa kijana kila anapotaka kutangaza vyumba vyake vya kupangisha.

Kikao kinachosimuliwa hapa kilihusu usanifu wa picha na wa kurasa za wavuti. Mwalimu, naye ni mwanafunzi, alichagua programu za bure: GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, pamoja na Inkscape iliyozaliwa mwaka 2003. Photoshop ingependeza, lakini siku hizi hulipiwa kila mwezi kwa kadi ya benki, na sebuleni pale kadi zilizokuwepo zilikuwa za harusi tu.

Kazi yenyewe ilikuwa bango la mashindano ya mpira ya vijana wa mtaa, Julai 1, sikukuu ya uhuru. Tuanze na jambo jepesi, alisema mwalimu. Andikeni mahali: Mutanga Sud, Bujumbura, Burundi.

Mzee akaandika kwa kidole kimoja, macho kwenye vitufe, bila kukosea hata herufi moja. Alipoinua kichwa, kwenye kioo palisomeka hivi:

:utqngq Sudm Buju;burqm Burundi

Aliitazama kwa muda. "Nchi ipo," alisema. "Mji ndio umepotea."

Uchawi haukuwepo. Kompyuta ile ililetwa na bintiye kutoka Ubelgiji, na vitufe vyake vimepangwa kwa mtindo wa AZERTY, ambao Wabelgiji wanautumia kama Wafaransa. Baadaye kijana fulani akaisafisha na kuiwekea Windows ya Kiingereza, inayoamini kwamba vitufe vyote duniani ni vya QWERTY, mpangilio uliotokana na taipureta za Marekani za miaka ya 1870. Basi penye A mashine inaona Q, penye M inaona nukta mkato, na penye mkato inaona m. Jina Burundi lilipona kwa bahati tu: halina hata herufi moja kati ya zile zilizohama. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, ungetoka Gitegq.

Ukifikiria vizuri, nchi nzima imekaa kati ya kibodi mbili. Wabelgiji walitawala hadi mwaka 1962, wakaacha Kifaransa ofisini na AZERTY mezani. Mwaka 2007 Burundi ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2014 Kiingereza kikawa lugha rasmi, na kompyuta zinazotoka Kampala, Nairobi au Dubai zinakuja na QWERTY yao. Forodhani hakuna anayeuliza herufi A imekaa wapi.

Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akamwambia mzee abonyeze Ctrl na Z ili atengue alichoandika. Mzee akatii. Lakini penye Z ya AZERTY mashine iliona W, na Ctrl na W ni amri ya kufunga faili. Programu ikauliza kwa adabu kama mabadiliko yahifadhiwe au yatupwe. Mzee, akidhani kinachotupwa ni lile kosa, akakubali kwa moyo mweupe. Bango likaenda zake.

"Nimeambiwa nitengue kosa," alisema, "imetengua kazi."

"Pole, Mzee. Andika tena, halafu chagua yote kwa Ctrl na A."

A ikawa Q. Ctrl na Q hufunga programu nzima.

Mtengeneza kadi wa Buyenzi alicheka hadi akashika magoti, ila kicheko hakikufika mbali. Mashine yake ilikuwa na ugonjwa huo huo kinyumenyume: vitufe vya QWERTY kutoka Dubai, mipangilio ya Kifaransa ndani. Herufi hazimsumbui kwa sababu vidole vyake vimezoea AZERTY na haangalii vitufe. Tarakimu ndizo zilimuumbua. Kwenye AZERTY, tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie Shift. Nambari ya simu ya kuandikisha timu, inayoanza na 257 ya Burundi, ikasimama katikati ya bango ikisema é(è. Timu gani ingepiga huko?

Ikaja zamu ya bendera ya kuweka pembeni. Binti mmoja alichora kwa Inkscape msalaba mweupe wa mshazari, nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia, duara jeupe katikati, na nyota tatu nyekundu zenye ukingo wa kijani. Kazi safi. Mama mwenye nyumba akapita na sinia la chai, akasimama nyuma yake.

"Mwanangu, hizo nyota ni za nchi gani?"

Zilikuwa na pembe tano, kwa sababu chombo cha nyota cha Inkscape huanzia tano. Za Burundi zina pembe sita. Dawa yake ni kisanduku kidogo juu ya dirisha: futa 5, andika 6. Wasomi wote waliokuwa wameinamia kioo kile hawakuwa wameziona.

Picha ya timu ya kuweka kwenye bango nayo ilikuwa imepita WhatsApp mara kadhaa. Upana uliobaki, pikseli 1,200, ukichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, unatosha sentimita 10 hivi. Ukivutwa hadi mita mbili, golikipa anageuka vigae vya bafuni. Ilipofika zamu ya wavuti, ukurasa nao ulifunguka vizuri kwenye mashine ya aliyeutengeneza, na wengine wote waliopewa kwa flashi wakaona visanduku vitupu: anwani za picha zilielekeza kwenye diski C ya mwenyewe.

Makosa haya mawili yamo katika kila kitabu cha usanifu. Lile la kibodi halimo, kwa kuwa vitabu huandikwa na watu ambao vitufe vyao na Windows yao vinaelewana. Huku kwetu lingestahili kuwa somo la kwanza, kabla ya rangi na kabla ya nyota. Kwa hiyo, mwenye kompyuta ya mtumba, kabla hujailaumu programu tazama kona ya chini kulia ya kioo. Ukikuta ENG, au usipokuta alama yoyote ya lugha, na vitufe vyako ni vya Ubelgiji, fungua mipangilio ya lugha uongeze kibodi ya Kifaransa cha Ubelgiji, kisha uichague. Ni kazi ya dakika chache, na usikubali fundi akutoze pesa kwa hilo.