Kionjo cha Kunguru

Mwezi wa Septemba, mvua ikiwa bado mbali, miyombo ya Rungwa huvaa majani mekundu. Si majani ya kunyauka. Ni machipukizi, laini kama ulimi wa ndama, yanayotoka yakiwa mekundu kabla ya kugeuka kijani. Ukisafiri kutoka Makongolosi kwenda Itigi katika majuma hayo, utadhani msitu mzima umejipamba kumpokea mgeni. Hii ni nchi ya Wakimbu, nchi ya mizinga iliyotundikwa mitini na ya mbung'o wanaong'ata hata juu ya suruali. Wanyama wake wa fahari ni wengi, lakini mimi nikiulizwa, namtaja palahala.

Ndama wa palahala huzaliwa na rangi ya udongo. Jike hukua akiwa wa kahawia iliyokolea. Dume, akishapita kama miaka mitatu, huanza kuiva: weusi humwenea kidogo kidogo mpaka mwili wote unang'aa kama mpingo, tumbo likibaki jeupe na pembe zikipinda nyuma kama jambia. Weusi ule hauombwi wala haununuliwi. Huja wenyewe, na kundi zima huutambua.

Basi hapo Rungwa alikuwapo Mama Palahala na mwanawe wa kiume, ambaye shingo yake ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuiva.

Siku moja akaja Kunguru. Huyu hakuwa wa Rungwa. Ukoo wake uliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ule takataka za mji. Ukala takataka, ukala na mayai na makinda ya ndege wenyeji, kisha ukavuka maji ukaingia bara. Mwenyewe alidandia behewa la mizigo la Reli ya Kati, akashuka Itigi, akaifuata barabara ya vumbi kuelekea kusini. Mguuni alikuwa na pete ya dhahabu. Mdomoni alining'iniza kijisanduku kilichozibwa kwa nta.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mgeni. Za utokako?"

"Njema. Nimewaletea kionjo."

Akawafungulia. Ndani mlikuwa na vikopo vitano, kila kimoja hakizidi ukubwa wa mbegu ya mbuyu: poda, wanja, rangi ya mdomo, losheni, na mafuta mazito yenye rangi ya maziwa. Wanyama wakasogea. Kanga akajipaka poda juu ya madoadoa yake, Ngiri akajaribu rangi ya mdomo, na mtoto wa Tandala akacheka mpaka akaangukia matako. Nawaambia kweli, ilikuwa furaha. Sina ugomvi na urembo. Bibi zetu wa pwani walisaga liwa kwenye jiwe wakajipaka nyuso zikanukia, wakatia wanja machoni na hina mikononi, na hapakuwa na dhambi. Kufungua kitu kipya, kukinusa na kukijaribu mbele ya wenzako ni raha inayofahamika na kila aliye na mwili.

Kunguru akawaeleza utaratibu. Kila mwezi ukiandama, kijisanduku kingine, vionjo vingine. Akasema mtindo huu aliusikia kwa wasafiri: mjini New York, mwaka 2010, wanawake wawili walianzisha kampuni ya Birchbox, wakawa wanawatumia wateja sanduku la vipodozi vidogo vidogo kwa dola kumi kwa mwezi. Mteja anaonja, akipenda ananunua chupa nzima. Hapo hakudanganya, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Lakini sanduku la kule lilikuwa na jina la mtengenezaji juu ya kila chupa. Hili la Kunguru halikuwa na jina la mtu wala la kiwanda. Katika nchi yetu kazi ya kusajili na kukagua vipodozi ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu mwaka 2019 ni ya Shirika la Viwango, TBS. Kwenye vikopo vile hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba vimepita mkononi mwa mkaguzi.

Nani angeuliza? Mwezi wa kwanza ulikuwa wa bure.

Tena alikuwapo Mlembe. Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi ambaye kazi yake inajulikana Rungwa nzima. Humwita mrina asali, humtangulia tawi kwa tawi mpaka kwenye nyuki, na mrina akishachukua asali, yeye hubaki na nta. Ni mmoja wa ndege wachache sana wanaoweza kuila nta ikawashibisha. Watu na wanyama humwamini kwa sababu akikuita, asali huwa ipo. Sasa Mlembe akawa anaruka kutoka mninga hadi mtundu akiita: "Nyie! Mafuta yale meupe! Nawaambieni mafuta yale! Ngozi inakuwa laini, inakuwa ya maziwa!" Wote wakamfuata, kama walivyozoea.

Kunguru akamvuta Mama Palahala pembeni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mwanao mzuri, ila namwonea huruma. Mbung'o hupenda nini?"

"Damu."

"Na rangi je? Hujaviona vile vitambaa wanavyotundika watu mitini, vya bluu na vyeusi? Kwa nini si vyeupe? Kwa sababu mbung'o hufuata weusi. Na mwanao ndio kwanza anaanza kuwa mweusi."

Hili lilikuwa kweli. Mbung'o huvutwa na bluu na weusi, na mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Uongo ukitaka kukaa vizuri, hutanguliza kweli moja ya kukalia. Mama Palahala akamtazama mwanawe akikung'uta masikio chini ya mti, akaona kila nzi aliyemtua ni kwa sababu ya shingo ile.

"Lakini wewe mwenyewe mweusi," akasema.

"Mganga hajigangi, mama. Chukua kikopo. Mpake asubuhi na jioni, nawe jipake. Sharti moja tu: msiyaguse mafuta haya na dhahabu, wala fedha, wala mpira. Yanaharibika."

Mama akacheka. Palahala ana dhahabu gani?

Mwezi wa pili kijisanduku kilikuja kwa bei. Rungwa wakati wa kiangazi kuna mahali penye udongo wa chumvi ambapo wanyama hulamba, na Kunguru akadai zamu ya kulamba. Ukitaka kikopo, unaacha zamu yako ya siku tatu. Mwezi wa tatu, siku kumi. Kanga akajitoa mapema, poda ilimchosha. Ngiri akarudi kwenye tope lake, ambalo ndilo limemkinga na jua na nzi maisha yake yote, na hakuna aliyemdai kitu. Mama Palahala hakuweza kujitoa, kwa kuwa shingo ya mwanawe ilikuwa imeanza kung'aa kwa weupe, na kila alipopitisha siku bila kupaka, weusi ulirudi kwa mabaka.

Namtetea mama huyu. Wapo watakaosema ni mjinga, na mimi nasema alikuwa mama. Wangapi kati yetu wamesimama mbele ya duka la vipodozi wakaambiwa kwamba mtoto atapendwa zaidi akiwa na rangi nyingine? Wangapi wameuziwa mkorogo uliochanganywa kwenye beseni nyuma ya pazia, wakaupaka kwa upendo mtupu? Anayechubuliwa mara nyingi hachubuliwi kwa chuki. Huchubuliwa na mkono unaombembeleza.

Kila asubuhi alimpaka, kisha akamlamba kama mama wa palahala anavyolamba. Naye mwana alimlamba mama shingoni, palepale penye mafuta.

Mwezi wa nne, miguu ya kijana ikaanza kutetemeka. Kwanza mguu mmoja wa nyuma, akiinama kunywa. Baadaye yote minne. Usiku hakulala. Alipokuwa amesimama juani, ngozi ya shingo ikawa nyekundu ikachubuka, na magoti ambayo mafuta hayakuyashika yakaiva meusi, hata ukamwona kama shingo ya mnyama mmoja imepachikwa juu ya magoti ya mwingine. Mama naye akaanza kuvimba miguu. Mbung'o wakaendelea kumng'ata kijana kama kawaida, kwa sababu mbung'o hufuata pia harufu na pumzi, na palahala hawezi kuacha kupumua.

Mama akampeleka mwanawe kwa Babu Kobe, aliyekuwa akiishi kandokando ya barabara ya Makongolosi. Walimkuta anakula ua lililoanguka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mmepaka nini?"

Hakuuliza wanaumwa nini. Mama akatoa kikopo. Kobe akakitazama muda mrefu bila kukigusa.

"Aliyekupa alikupa na sharti?"

"Alisema tusikiguse na dhahabu."

Kobe akarudisha kichwa ndani ya gamba, akakitoa tena.

"Mwanangu, mimi nimetoka Chunya kwa miguu. Kule wanachimba dhahabu tangu miaka ya 1920, wakati wa Waingereza. Nimemwona mchimbaji mdogo amechutama kwenye karai. Ndani kuna mchanga uliosagwa, na dhahabu yake ni vumbi, haionekani. Anadondoshea tone la zebaki. Maji ya fedha hayo, yanakimbia kama mjusi. Anakoroga kwa mkono mtupu. Zebaki inaitafuta dhahabu humo mchangani na kuimeza. Kisha anaikamua kwenye kitambaa, linabaki donge jeupe, analichoma motoni, moshi anauvuta yeye na mkewe na mtoto aliye mgongoni, dhahabu inabaki. Kitu kinachoogopa kuguswa na dhahabu nakijua kimoja tu."

Mama akakitazama kikopo mkononi mwake kama anayekiona leo.

Ndivyo ilivyo hata kwa wanadamu. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana hutiwa kwenye sabuni na krimu za kujichubua. Huharibu figo na mishipa ya fahamu, hupita kwa mtoto aliye tumboni, na hushika taulo na mashuka hata wasiojipaka wakaipata. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba onyo la kuepusha krimu na dhahabu, fedha, mpira au alumini ni dalili ya zebaki ndani yake. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania ni mwanachama wake, ulikataza vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni, na mwaka 2023 huko Geneva nchi zikakubaliana kuondoa hata hiyo moja, zebaki isitiwe kabisa.

Babu Kobe akaitisha baraza penye chumvi. Kunguru akaja, pete ikimeta.

"Mwanangu Kunguru," Kobe akasema kwa upole, "tangu uje sijakuona ukikifungua kikopo cha mafuta haya kwa mguu wenye pete. Hukisukuma kwa kijiti. Leo tutie moyo. Chovya mguu huo."

Kunguru akasema pete ni ya marehemu baba yake. Akasema mafuta ni ghali, yasichezewe. Akasema ana safari.

"Chovya tu kidogo. Kionjo."

Kunguru akaruka. Alipita juu ya miyombo akielekea Itigi na hakugeuka.

Baraza likamgeukia Mlembe. Akajificha nyuma ya jani.

"Binti Mlembe, wewe uliyajaribu mafuta haya?" Mama Palahala akauliza. Hakupaza sauti.

"Mimi..."

"Uliyapaka wapi?"

Mlembe akainamisha kichwa. "Sikupaka, mama. Alinipa nta ya kuzibia sanduku. Mimi nilikula nta."

Hakuna aliyemfukuza. Lakini tangu siku hiyo, akiita, wanyama humwuliza kwanza amekula nini na kwa nani.

Likabaki suala la vikopo. Ngiri akasema vitupwe mtoni. Kobe akakataa. Mto Rungwa hutiririka kwenda Ziwa Rukwa, na zebaki ikishaingia majini huingia kwenye samaki, na samaki huliwa. Kule Minamata nchini Japani, kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kuanguka, na mwaka 1956 ugonjwa ukathibitishwa kwa watu. "Paka walisema kwanza," Kobe akasema, "ila hakuna aliyewasikiliza." Nyuki wakajitolea. Vikopo vikatiwa kwenye mzinga mkongwe uliopasuka, nyuki wakauziba kwa nta pande zote, na hakuna anayekwenda pale.

Kijana aliacha kutetemeka polepole, mvua mbili zikapita. Sasa ni dume kamili, mweusi, na kundi humfuata. Kooni pamebaki baka jeupe, upana wa ulimi wa mama, na nywele zake za awali hazikurudi.

Nawe msomaji, kijisanduku kikikufikia, kifurahie, lakini geuza kopo usome nyuma kabla ya kupaka. Tafuta jina la aliyekitengeneza, orodha ya kilichomo, na alama ya mkaguzi. Kipya chochote kijaribu kwanza kidogo, ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Na ukikuta kinaogopa dhahabu, usimpake mtoto, usimpe jirani, wala usikimwage mtoni.