Mtandao wa Nyumbani na Jirani Mwenye Karasha

Mtu aliyezaliwa Pangani, kisha kadari ya kazi ikamtupa Kahama, hatakaa muda mrefu kabla ya kutambua kwamba katika nchi hii ya almasi na dhahabu, tangu Mwadui hadi Geita, fedheha ya kukosa mali yavumilika, walakini fedheha ya kusema "kitu hiki sikiwezi" haina msamaha. Hapa wapo watu walioteremsha pampu za maji ndani ya maduara ya wachimbaji, yaani mashimo yenye giza la kaburi, wakafunga makarasha ya kusaga mawe kwa vyuma vya malori yaliyokufa, wakayaendesha kwa injini ambazo aliyeziunda angezikana mbele ya kadhi. Basi ukimwambia mmoja wao kwamba una kompyuta iliyogoma, hakuulizi aina yake wala umri wake, bali hukuuliza bisibisi iko wapi.

Kwa hiyo sikustaajabu, jioni nilipoeleza barazani azma yangu ya kuziunganisha mashine zote za nyumbani kwa mtandao mmoja, kuona kwamba washauri wamekuwa wengi kuliko mashine zenyewe. Matakwa yangu yalikuwa haba. Nina kompyuta ya mezani niandikiayo, nina printa iliyokaa sebuleni kwa taadhima zote, na binti yangu ana laptopu yake katika chumba cha uani; nilichotaka ni kwamba binti achapishe kazi zake za chuo akiwa huko huko uani, pasipo kuniletea flashi iliyobeba virusi vya bweni zima. Fauka ya hayo, nilitaka kompyuta yangu, ambayo ilikuwa imezeeka hata ikawa yafunguka kwa muda wa kunywa kahawa vikombe viwili, itiwe nguvu mpya.

Fundi akapatikana. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeniamkia shikamoo kila alipoingia na kila alipotoka kwenda kununua kitu alichokisahau, na masharti yake yalikuwa wazi: kazi ya waya hulipwa kwa mita, na kazi nyingine zote hulipwa kwa jinsi atakavyouona uso wa mwenye nyumba. Pamoja naye, bila ya kuitwa, alikuja jirani yangu, bwana mmoja mwenye karasha huko Nyarugusu, ambaye huja Kahama kupumzika, na kwake yeye kupumzika ni kusimamia kazi za watu.

Vipuri viliagizwa Kariakoo, vikasafiri kwa basi karibu kilomita 1,000 kupitia Dodoma, Singida na Nzega, vikafika salama, vyote vikiwa vizuri na hakuna hata kimoja kilichomjua mwenziwe. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa ya aina ya DDR4, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 2014 na ina meno 288. Madabodi yangu ilikuwa ya zama za DDR3, iliyotoka mwaka 2007, na nafasi yake ni ya meno 240. Wahandisi walioziunda kadi hizi, kwa kuzijua tabia za wanadamu, walilisogeza makusudi lile pengo dogo lililo katikati ya meno, ili pasitokee mtu wa kuilazimisha moja iingie mahali pa nyingine. Hekima yao ilikuwa kubwa, ila hawakupata kukutana na fundi wangu, ambaye aliitazama kadi, akaitazama nafasi, akaitazama tena kadi, kisha akasema kwa upole wa daktari, "Hii yataka tupa kidogo tu, mzee wangu." Tupa ilikuwa tayari mkononi mwa jirani. Nikaiomba kadi niitazame kidogo, nikaitia mfukoni mwa kanzu, na huko ikakaa hadi magharibi.

Prosesa nayo ilikuwa na kisa chake. Soketi ya Intel ya mwaka 2011 ina pini 1155, na ile iliyokuja mwaka 2013 ina pini 1150, na hizi mbili hazipatani kwa suluhu yoyote. Fundi aliona kwamba upungufu wa pini tano katika elfu na zaidi si jambo la watu wazima kugombania, lakini hapa jirani yangu, kwa mara ya kwanza, alisimama upande wa sayansi: alisema kwamba yeye amekwisha kuona watu wakishikana mashati kwa pointi moja ya dhahabu mbele ya mizani, sembuse tano. Prosesa ikarudishwa katika kasha lake. Habari ya pawasaplai sitaieleza kwa urefu. Itoshe kusema kwamba baadhi ya kompyuta zilizotumika maofisini Ulaya, ambazo ndizo tunazozinunua sisi, zina plagi ya umeme ya kwao peke yao, na pawasaplai ya kawaida ya dukani haina mlango wa kuingilia humo.

Lililonipa taabu zaidi ni yale meno ya kadi. Jirani alikuwa ameiona rangi yake, na katika ukanda huu wa Geita rangi ile haionwi na mtu kisha akaenda zake. Akaniuliza, kwa sauti iliyoshuka ghafla, kama ile ni yenyewe. Sikuweza kumdanganya jirani wa pua na mdomo. Nikamweleza kwamba naam, meno ya kadi ya kumbukumbu hupakwa dhahabu halisi, kwa sababu dhahabu haishiki kutu, na mguso wa umeme unataka chuma kisichobadilika, ila utando wenyewe ni mwembamba mno, unahesabiwa kwa sehemu za elfu za milimita. Maneno ya utando hakuyasikia. Nilimwona akiikadiria kompyuta yangu kwa jicho la mtu anayekadiria shamba, na baada ya swala ya isha alirejea na kichupa ambacho, kwa heshima ya jamaa zake, sitasema kama kilikuwa na zebaki ndani.

Ndipo nilipokumbuka mfano wa Wajapani, nikamsimulia. Kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 2020, iliyochezwa mwaka 2021, Wajapani walikusanya takriban tani 79,000 za simu na vifaa vya umeme vilivyochakaa ili watengeneze medali, na humo wakapata dhahabu kilo 32. Jirani yangu hakuwahi kukaa sana darasani, lakini hesabu ya mwamba huifanya usingizini. Akafumba macho, midomo ikicheza, akagawanya kilo kwa tani, na alipoyafumbua uso wake ulikuwa umejaa huruma kwa taifa lile.

"Nusu gramu kwa tani haifiki," akasema. "Mwalimu, mwamba wa namna hiyo sisi tunamwaga barabarani."

Akakirudisha kichupa mfukoni. Tangu siku ile huitazama kompyuta yangu kwa dharau ya mtu aliyepima duara akakuta halilipi.

Nami usiku ule nilianza kuufikiri upya msimamo wa Serikali yetu ya zamani. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, na kufika mwaka 1974 Serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wa leo wakisikia habari hii hucheka hata wakafuta machozi. Mimi nilipata kucheka pamoja nao, lakini tangu vipuri vyangu vilale mezani safu kwa safu, kila kimoja kikimwambia mwenziwe "sikujui", siku hizi huwaombea wakubwa wale dua njema, maana yaelekea walifungua kasha moja tu wakatosheka.

Hatimaye vipuri vinavyopatana vilipatikana kwa kubadilishana na kuongezea, na kazi ya waya ikaanza. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na usokotaji huo si pambo: ndio unaozuia maneno ya jozi moja yasisikike katika jozi nyingine. Nyuzi hizo zina mpango wake unaojulikana dunia nzima, nyeupe ya machungwa kwanza, kisha ya machungwa, kisha nyeupe ya kijani, kisha buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, na kahawia mwisho. Fundi wangu alizipanga kwa kufuata uzuri. Hata hilo lingeweza kuvumilika kwa masafa mafupi kama ncha zote mbili zingefanana, ila ncha ya sebuleni aliipanga asubuhi, na ncha ya uani aliipanga baada ya chakula cha mchana, ilhali ladha yake ya rangi imekwisha kubadilika. Tukabonyeza, tukangoja, printa ikakaa kimya. Zikapangwa upya kwa kuimbiwa rangi moja moja na binti yangu, aliyekuwa na mchoro wake katika simu, na ambaye hadi saa hiyo hakuna aliyemtaka shauri kwa kuwa hajapata kufunga karasha.

Waya ule ulipita hewani, kutoka kona ya nyumba kubwa hadi dirisha la uani, umekazwa vizuri sana. Mke wangu alitoka, akautazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nimletee jiko la gesi, akanishukuru kwa kumkumbuka. Kesho yake, kufika saa nne, mtandao wetu ulikuwa umebeba kanga mbili, shuka moja la kitanda cha futi sita na kanzu yangu ya Ijumaa, vyote vikichuruzika maji. Kufika alasiri ulikuwa umekatika. Jirani aliuokota ule mkato, akaukwangua kwa kisu, na chini ya ngozi ya shaba pakatokea weupe wa alumini. "Umeghushiwa huu," akasema kwa uchungu wa kweli, na hapo nilimheshimu, maana ubovu ambao fundi hakuuona dukani mchimbaji aliutambua kwa kisu. Alumini iliyopakwa shaba ni nyepesi na rahisi kwa bei, lakini hukatika upesi, na haikuumbiwa kubeba shuka la futi sita. Ukaletwa waya wa shaba tupu, na uani pakafungwa kamba ya kuanikia.

Ikabaki waifai. Intaneti yetu, tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, hupita chini ya Bahari ya Hindi, ikapanda bara kwa Mkongo wa Taifa, ikafika Kahama kwa mwendo usiosemeka. Kisha, ikiwa imevuka bahari na nyika yote hiyo, ikafia katika ukuta wangu wa matofali ya kuchoma. Ruta sharti iuelekee mnara, na dirisha linaloelekea mnara ni la barazani. Kwa hiyo waifai ikawa na nguvu mno nje ya nyumba, ya wastani sebuleni, na uani, nyuma ya kuta tatu na tangi kubwa la maji, hapakuwa na kitu. Vijana wa mtaa waligundua neema hii kabla yangu. Nenosiri lilitoka kwangu kwa fundi, kwa fundi likaenda kwa jirani, na jirani si mchoyo. Ikawa ukuta wangu wa mbele haukosi migongo tangu adhuhuri, na salamu nilizokuwa nikipewa, mwangaluka asubuhi na shikamoo kutwa, ziliongezeka kwa kadiri isiyolingana na hadhi yangu.

Ili kuuangazia uani fundi alileta ruta ya pili, akaichomeka katika waya mpya, na hapo ndipo ilipozuka tafrani. Kila chombo katika mtandao hupewa anwani na ruta, aghalabu inayoanzia 192.168, na ruta ya pili haikuambiwa kwamba ya kwanza ipo. Ikawa kama mtaa wenye majumbe wawili, kila mmoja akipiga namba za nyumba kwa rangi yake, hata namba moja ikaangukia milango miwili. Printa yangu na simu ya jirani zilipewa anwani moja. Binti akituma kurasa zake za chuo, zilikwenda zikabisha hodi katika simu ya mwenye karasha, ambayo haikujua la kuzifanyia, na yeye akilalamika kwamba picha zake hazifunguki. Fundi alishauri tununue ruta ya tatu ya kuwapatanisha. Binti alikaa mezani na karatasi ya maelekezo iliyokuwa imefungiwa vitumbua, akaizima ile kazi ya kugawa anwani katika ruta ya pili, printa akaipa anwani yake ya kudumu, akaomba ruhusa aende akasome.

Printa ikanguruma. Karatasi zikatoka. Jirani yangu alizipokea zikiwa bado na joto, akazigeuza, akaniuliza kama mtandao unaoleta karatasi kutoka uani unaweza pia kuleta picha ya karasha lake, ili awaone vijana wake wa usiku wanavyohesabu viroba. Nikamwambia kwamba mambo hayo yapo, kamera hutazamwa kwa simu kupitia intaneti, ila ikiwa anataka waya, basi waya wa namna hii haupiti mita 100 bila kuongezewa nguvu, na kasha moja la waya lina mita 305. Akafumba macho, midomo ikacheza. Alikuwa akiigawanya njia yote ya kutoka Kahama hadi Nyarugusu kwa mita 305.

"Fundi," akauliza, macho yakiwa bado yamefumba, "yawezekana?"

Fundi, ambaye ujira wake wa waya ni kwa mita, alisema yawezekana sana.