Sifa za Chupa ya Dola Tatu

Waandishi wa mvinyo huzisifu chupa za Bordeaux zilizolala gizani miaka ishirini. Wanajichosha bure. Chupa ya kusimamiwa na kupigiwa makofi ni Charles Shaw, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002 kwenye maduka ya Trader Joe's huko California kwa dola 1 na senti 99, watu wakaibatiza Chuck wa Dola Mbili. New York iliwasili mwaka 2006, imepanda cheo na kuuzwa dola 2 na senti 99. Tangu hapo haikuacha kuingia nyumbani kwangu.

Nasema kuingia kwa sababu sikuwahi kuinunua. Ililetwa. Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi jiji hili hatuendi kwa mtu mikono mitupu, na mgeni akipiga hodi Jumamosi jioni, kabla sijamwona uso naona ule mfuko wa karatasi wa kahawia.

Fadhila yake kuu ni ukweli. Mvinyo mwingine wowote unaweza kukudanganya. Kibandiko cha bei kimebanduliwa, jina ni la Kifaransa, hujui mgeni ametoa dola kumi au hamsini, basi unamshukuru huku roho haijatulia. Chuck hana mambo hayo. Bei yake wanaijua mpaka watoto wa darasa la tatu. Mgeni anaikabidhi kwa mikono miwili, ameinama kidogo: "Shemeji, nimeona nisije hivi hivi." Na sote wawili hapo mlangoni tunajua, bila kukosea senti, anatuheshimu kiasi gani. Nilifikia hata kutaka iwe kipimo rasmi cha jamii yetu. Kuchelewa chakula: chupa moja. Kusahau kurudisha sufuria ya pilau: mbili. Kutokuja harusini bila taarifa: katoni nzima ya chupa 12, yaani dola 36 kasoro senti 12, na hapo kesi imekwisha, wazee wasiitwe. Kipimo hiki kingeonyesha hata yanayofichika. Mwaka ule wa 2006 nauli ya treni ya chini ya ardhi ilikuwa dola 2. Kwa hiyo mgeni aliyetoka Queens kuja Bronx na kurudi aliitolea treni dola 4, na mimi mwenyeji, niliyeamka alfajiri kuchambua mchele, dola 3 kasoro senti moja. Mvinyo gani mwingine una hesabu safi namna hii?

Fadhila nyingine nazitaja kwa kupita. Inalainisha nyama ya ng'ombe. Mwaka 2007 Chardonnay yake ilitangazwa bora kuliko Chardonnay zote za California kwenye mashindano ya maonyesho ya jimbo hilo, jambo lililowanyima usingizi watu wengi wenye mashamba ya kifahari. Na haileti ulevi nyumbani, kwa kuwa hakuna anayeinywa.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Anayeileta haigusi! Anaiweka juu ya meza, anaigeuza nembo itazame watu, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye friji na kutoa bia yangu. Ya pili haombi tena. Ikifika ya nne ananiuliza kwa nini haijapoa vizuri. Chini ya sinki, pembeni ya sabuni, zimesimama chupa za Chuck ambazo hata kizibo hazijatolewa, na friji ni nyeupe.

Lakini nimtendee haki. Kuipata hakukuwa rahisi. Sheria ya jimbo la New York hairuhusu duka la vyakula kuuza mvinyo, na haimruhusu mwenye leseni ya duka la mvinyo kuwa na duka la pili. Kwa hiyo jiji la watu zaidi ya milioni nane lilikuwa na mlango mmoja tu wa Chuck, mtaa wa East 14th, Union Square. Duka la vyakula la Trader Joe's haohao lilikuwa jirani yake kabisa. Unanunua jibini, unapanga foleni, unatoka nje na baridi yake, unaingia mlango wa pili, unapanga foleni upya. Watetezi wa sheria wanasema inawalinda wauzaji wadogo. Mwaka 2009, na tena 2010, gavana David Paterson alipendekeza maduka ya vyakula yaruhusiwe. Wenye maduka ya pombe wakapinga, na wabunge wa jimbo huko Albany wakalitupa pendekezo. Asiniambie mtu kwamba wanaogopa ulevi. Kwenye maduka hayohayo bia zimepangwa hatua mbili kutoka maziwa ya watoto.

Wala mwenye duka hakuwa malaika. Kampuni hiyo inajulikana kwa tabasamu na mashati ya maua ya Hawaii, ingawa tangu 1979 ni mali ya ukoo wa Albrecht wa Ujerumani, wale wa maduka ya Aldi. Agosti 2022, wafanyakazi wa duka la mvinyo wakiwa mbioni kuomba kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, duka lilifungwa ghafla. Kampuni ilieleza kwamba inatafuta mahali pengine pa kuitumia vizuri zaidi leseni yake moja. Miaka kumi na sita mahali palikuwa pazuri, pakaharibika wiki ileile watu walipotaka kusema kwa sauti moja. Watoto wale wa darasa la tatu wangeijumlisha hesabu hiyo bila kalamu.

Sheria haijabadilika: duka la vyakula New York halikuuzii mvinyo, bia linakuuzia. Kwa hiyo wewe unayekuja Jumamosi huna kisingizio. Pita dukani, njoo na bia.