Barua ya Wazi kwa Seneti: Kijiji Nacho Kipewe Kozi ya Marekebisho

Waheshimiwa wajumbe wa Seneti za vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania,

Hongereni kwa kugundua kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana kasoro, na kwa kumwandikia dawa yake: kozi ya lazima ya stadi za mawasiliano, kwa Kiingereza. Ugunduzi huu si mchanga. Tume ya Makweta, iliyochunguza elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari, Serikali ikakataa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi tangu shule ya msingi, na hata chuo kikuu wakakuta kwamba waliomudu kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20 ya waliopimwa. Ukuta ule ule wa kidato cha kwanza, ambapo mtoto wa shule ya umma hubadilishiwa lugha ya kujifunzia, bado umesimama. Nanyi mmeamua kwamba mgonjwa ni mwanafunzi.

Uhodari wenu huonekana zaidi wakati wa fildi. Dodoso hutungwa kwa Kiingereza ili msimamizi aliidhinishe, huulizwa kijijini kwa Kiswahili, majibu hurudishwa kwenye Kiingereza, na ripoti hufungwa vizuri ikawekwa kabatini. Mtendaji wa kijiji, ambaye watu wake ndio waliosema yote yaliyomo, anabaki na kazi ya kugonga muhuri kwenye daftari la kumbukumbu la mwanafunzi. Azimio la Musoma la mwaka 1974, pamoja na siasa zake zote (na zilikuwa nyingi), lilimtaka kijana afanye kazi kwanza, na walioishi naye kazini waulizwe habari zake kabla hajaingia chuoni. Leo jamii ni maabara, na maabara haiulizwi maoni.

Mtajibu kwamba Kiingereza ni lugha ya sayansi na ya ajira. Sawa, nani kabisha? Kifundisheni basi kama lugha, kwa saa za kutosha na walimu wa kutosha, badala ya kukifanya chujio la somo la afya ya jamii au la kilimo. Mtajibu tena kwamba ripoti ya Kiswahili itashusha viwango. Hapo tunaomba mtueleze ni kiwango gani kinachopanda pale matokeo ya utafiti wa maji yanapoandikwa ili wanywaji wa maji hayo wasiweze kuyasoma.

Ila kama hamkusudii kubadilika, basi tendeni haki kwa wote. Kijiji nacho kiandikishwe kozi ya marekebisho, wazee wafundishwe kujieleza kwa Kiingereza cha dodoso, na mwenyekiti afanye mtihani kabla ya kuruhusiwa kueleza kwa nini kisima kimekauka. Tunaomba mwongozo wenu mapema, maana msimu wa fildi haungoji: mwenyekiti akifeli atapewa sapu, au kijiji kizima kitarudia mwaka?