Tairi la kwanza la bodaboda

Ukubwa wa tairi huandikwa ubavuni. Kwa bodaboda nyingi za Dodoma ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, hiyo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Karibu yake kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dereva mgeni huzisoma kwa nadra, kwa kuwa ameshashauriwa na wakongwe wa kijiwe, ambao tairi zao ni vipara tangu awamu ya tano.

Ugumu wa kuchagua uko kwenye kashata, yaani michongo ya tairi. Njia ya Mji wa Serikali, Mtumba, ni lami, na mistari myembamba inatosha. Anayepeleka abiria vijiji vya Bahi hukutana na mchanga, kisha matope kati ya Desemba na Aprili; huyo anahitaji kashata nene zilizoachana. Wengi wa lami nao huzitaka, kwa vile huvuma zikipita, na huzimaliza wakizunguka Nyerere Square.

Miiba ya migunga haibagui chapa. Kinachobaki mikononi mwa dereva ni upepo, nao hupimwa kwa geji. Kijiweni hupimwa kwa kidole gumba, na jibu huwa lilelile kwa abiria mmoja na kwa mshikaki wa watatu. Uzito wa mwisho nao umeandikwa ubavuni, chini ya tope.

Tairi la mbele, lenye kazi kubwa zaidi wakati wa breki, hununuliwa mwisho, hesabu ya bosi ikishatimia. Yaani si mwaka huu.